Mwongozo kamili wa kuitambua fedha ya asili: geuza nyuma kwanza

Neno fedha lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, fidda, yani haya madini meupe, sisi tukalipa na maana ya pesa pia. Waethiopia nao hivohivo, birr kwa Kiamhara ni fedha hii hii ya kufulia vito. Na kweli zamani pesa na mapambo vilikuwa kitu kimoja, mtu anapata sarafu, anampelekea mfua fedha, fundi anaiyeyusha, anaifua, inakua bangili, na siku shida ikiingia bangili inarudi kwenye mizani kwa uzito wake. Shika hilo kichwani maana mengi ya chini yanatokea hapo.

Hii naiandika kwa yule alieachiwa kisanduku na bibi yake hajui kina nini, au alieona kitu kinauzwa kwa jina la "fedha ya kale ya mabedui" na roho inasita. Mi mwenyewe nimejifunza kwa kuharibu, na nilichoharibu nitakisema. Kitu kimoja nakiomba usikisahau hata ukisahau mengine: uso wa kito ni wa harusi, mgongo ni wa fundi, kwa io geuza nyuma kwanza.

Hatua ya 1: tandika kitambaa, usisafishe chochote

Najua mkono unawasha. Kitu kimekaa miaka kabatini kimekua cheusi, unataka kuona kinang'aa. Acha kwanza. Ule weusi ni salfa ya hewani, ya jasho, ya mayai, ya raba, imeungana na fedha, na hauli kwenda ndani kama kutu ya chuma, kwa io hakuna haraka yoyote. Alafu weusi ndo shahidi wako, unakuonyesha wapi palisuguliwa na wapi hapakuguswa, ukiufuta umemfukuza shahidi kabla hujamuuliza.

Yangu ilikua hirizi ya fedha, ile ya kibomba kirefu chenye mifuniko miwili na vidude vya kuning'inia chini. Nikaona video, nikaiweka kwenye maji ya moto na foili na soda, dakika kumi tu, ikatoka nyeupe pee kama kijiko cha kantini. Nakshi zote zilizokua zimekaa vizuri na kiza chake kwenye mikato zikapotea, ukiishika mbali kidogo huoni hata kama ina nakshi. Nikaitikisa ikaushe, nikasikia maji ndani. Ndo nikakumbuka hirizi ina nini ndani. Karatasi ilitoka uji, hata herufi moja haisomeki, na hicho ndo kitu pekee kwenye kile kisanduku ambacho hakuna fundi wa kukitengeneza tena.

Basi, kitambaa, mwanga wa dirishani, simu. Piga picha mbele, nyuma, na pembeni, weka rula pembeni ya kito kwenye picha. Pima uzito uandike.

Hatua ya 2: mgongo

Kama huna lenzi ya fundi saa, kamera ya simu ukiivuta karibu inatosha. Unatafuta kitu kimekuwa kito kwa njia gani, maana njia za kuijenga fedha si nyingi na kila moja inaacha alama yake.

Kama ni bamba lililofuliwa, nyuma utaona kinyume cha mbele, palipovimba mbele nyuma pamebonyea, na utaona vidoa vya nyundo kama makovu ya ndui. Vikiwa vimelingana sana kama vimepigwa na rula, hiyo ni presi ya mashine. Kama ni nakshi ya nyuzi, yani waya mwembamba wa fedha umekunjwakunjwa maua na kulehemiwa, angalia maungio, fundi wa mkono huacha lehemu imetiririka kidogo hapa, imekauka kidogo pale, mizunguko miwili haifanani kabisa hata akiwa fundi wa kutisha. Nyuzi za mashine zimetolewa kwenye kalibu moja na bamba lake, ukigusa katikati ya waya na waya hakuna uwazi, kuna ngozi nyembamba ya chuma. Hapo usidanganyike, hiyo si nyuzi, ni picha ya nyuzi.

Kama ni kitu cha kusubu, kwa mfano misalaba ya Watuareg, wale watu wa jangwa la Sahara, njia ya zamani ni ya nta: fundi anachonga umbo kwa nta, analifunika udongo, anachoma nta inayeyuka inatoka, anamimina fedha mahali pa nta, alafu anavunja udongo. Kwa sababu kalibu inavunjwa kila mara, hakuna mapacha. Hii ni njia nzuri sana ya kukamata uongo, ukiona muuzaji ana vitu vitano vya "kale", panga migongo yao, kama katundu kale ka hewa kako sehemu ileile kwenye vyote vitano basi vimetoka kwenye kalibu ya mpira ya kiwandani.

Sasa tafuta ulaji. Chuma kinaliwa pale kinaposugua chuma chenzake, si kwengineko. Angalia kile kipete cha juu kinachopitisha mkufu, kwenye kito kilichovaliwa kweli kipete kimekonda upande mmoja, kama kamba ya ndoo inavyokula ukingo wa kisima. Angalia pini ya bangili, tundu lake linakua limepanuka likawa yai. Angalia sehemu inayokaa kwenye ngozi, inakua laini kama kipande cha sabuni. Wanaozeesha vitu kwa dawa wanapaka weusi wote sawasawa alafu wanafuta juujuu, mbele pakawa pazuri sana, ila kipete ni kinene mviringo mzima na kingo bado zinakwaruza kidole. Kito cha miaka 80 chenye kingo za kukata nyanya hakijavaliwa na mtu.

Hatua ya 3: mihuri, na kwanini usiiabudu

925 maana yake sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, nyingi ya zilobaki ni shaba. Utakuta pia 800, 900, 958. Vizuri kuijua, ila vito vingi vya asili havina mhuri kabisa, maana fundi alikua anajulikana sokoni kwa uso wake, na aliyenunua alikua amemletea sarafu mwenyewe. Kwa io kukosa mhuri si kosa. Kinachonitia shaka mimi ni kinyume chake, mtu ananiambia bangili ni ya jangwani ya miaka mia mbili alafu ndani imepigwa 925 safi ya mashine. Inawezekana iliuzwa tena baadae ikapigwa mhuri, ndio, ila mzigo wa kueleza ni wake.

Maandishi matatu ya kukimbia: Alpaca, German Silver, Nickel Silver. Haya yote ni shaba, nikeli na zinki, fedha ndani yake ni sifuri. EPNS ni hiyohiyo imepakwa fedha juu. Mhuri wa Kiarabu kwenye vitu vya Yemen au Oman mara nyingi ni jina la fundi, mtafute anaesoma akusomee, ila jina peke yake sio kipimo cha madini.

Hatua ya 4: pima madini

Sumaku kwanza, ni bure. Fedha haivutwi, lakini shaba, risasi, na hiyo German Silver kwa kawaida nazo hazivutwi, kwa io sumaku inakamata chuma tu. Gusisha kwenye mwili wa kito, si kwenye kishikizo, vishikizo vingine vina springi ya chuma ndani.

Kile kipimo cha barafu kinachosambaa mitandaoni, eti weka barafu juu ya fedha itayeyuka haraka, ni kweli inayeyuka, ila shaba nayo inapitisha joto karibu sawa na fedha, kwa io shaba iliyopakwa itafaulu mtihani wako kwa kishindo.

Kipimo ninachokiamini nyumbani ni cha maji, na nakieleza polepole maana watu wanakikosea. Unahitaji mizani ndogo inayosoma mpaka 0.01 ya gramu, glasi ya maji, na uzi. Pima kito kikavu, andika. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Funga kito kwa uzi mwembamba, kishushe kizame chote ndani ya maji, kisiguse chini wala pembeni, we umeshika uzi juu. Mizani itasoma namba, hiyo namba ni ujazo wa kito kwa sentimita za ujazo, maana gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Gawa uzito mkavu kwa hiyo namba, jibu ni uzito wa kila sentimita moja ya ujazo, na kila madini yana jibu lake. Tikisa kidogo kwanza vipovu vya hewa vitoke, vinadanganya sana.

Mfano, medali ina gramu 62.40, ndani ya maji inasoma 6.12, ukigawa unapata 10.20. Fedha tupu ni 10.49. Fedha ya 925 inakuja karibu 10.36, ya 833 karibu 10.20, ya 800 karibu 10.14, na nusu fedha nusu shaba karibu 9.67. Shaba tupu ni 8.96 na German Silver iko 8.7 hivi. Umeona, medali yangu ya mfano imeangukia kwenye 833, na hiyo namba ina historia yake tunaifikia sasa hivi. Ila kuwa muangalifu na mambo mawili. Mizani ya kusoma 0.1 haifai kwa vitu vidogo, kosa la 0.05 kwenye ujazo wa 2 linakuhamisha kutoka fedha nzuri mpaka fedha mbovu. La pili, kitu chenye uwazi ndani, kama mafurungu ya mguuni yenye changarawe za kulia, au bangili za Kihindi zilizojazwa lakiri ndani, kitatoa namba ya chini hata kama fedha ni safi, na chenye mawe au shanga hesabu haina maana kabisa. Risasi nayo ni nzito, 11.34, mjanja anaweza kuchanganya akakupatia namba nzuri, lakini risasi ni laini na ya kijivu, ukikwaruza kwa ndani inajisema.

Kwa vitu vilivyoshindikana kupimwa kwa maji kuna njia mbili. Asidi ya naitriki ya kupimia, hii muachie sonara, inachoma ngozi na mvuke wake si wa kucheza nao jikoni. Na mashine ya eksirei inayosoma madini, safi sana, haikwaruzi kitu, lakini inasoma ngozi ya juu tu. Sasa mafundi wa zamani walikua wakimaliza kazi wanachemsha kito kwenye kitu kikali, tindikali, ndimu au ukwaju, shaba ya juu inaliwa inabaki ngozi ya fedha safi, ndo maana kinang'aa cheupe. Mashine ikisoma ngozi hiyo inakupa namba nzuri kuliko ukweli wa ndani. Muombe apime mahali palipolika, kwenye kile kipete kilichokonda.

Hatua ya 5: ijue sarafu, utajua nusu ya mambo

Riale ya Maria Theresa. Yule malkia wa Austria alikufa 1780, na sarafu yake ikaendelea kupigwa na mwaka uleule 1780 mpaka kizazi chetu, maana wateja wa Ethiopia, Uarabuni na pwani yetu hii waliikubali hiyo tu, ukiwaletea sura nyengine hawataki. Imepigwa Vienna, imepigwa London, Paris, Brussels, Bombay, na Roma baada ya Mussolini kupewa haki ya kuipiga 1935 akielekea kuivamia Ethiopia. Uzito wake gramu 28.07, fedha yake 833. Mafundi wa Yemen, Oman na Ethiopia waliipenda kwa sababu kila moja ni ileile, anajua riale kumi zinatoa bangili ya uzito gani bila kupima madini.

Hapo ndo penye uongo unaoongoza. Mkufu una riale katikati, muuzaji anaonyesha kidole, "tazama, 1780". Huo ni mwaka aliokufa malkia, sio mwaka wa mkufu, riale hiyo inaweza kuwa imepigwa 1950. Angalia ukingoni, ya kweli ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yamezunguka kingo. Zile za kusubu kwa mchanga au kalibu ya mpira ukingo wake ni mtupu au una mstari wa maungio.

Sarafu ya pili ni rupia ya Kihindi, gramu 11.66, fedha 917, nayo iliingia motoni kwa wingi.

Hatua ya 6: soma kinatoka wapi

Hapa ndo patamu, na hapa ndo watu wanakosea zaidi kwa sababu wanaangalia umbo peke yake. Umbo linasafiri, mabibi harusi wanasafiri, mafundi wanasafiri. Angalia umbo pamoja na njia ya kulijenga.

Yemen: punje na nyuzi. Fundi anayeyusha vipande vidogo vya waya vinakua vitone duara kama mtama, anavipanga kwa mamia na kuvilehemu, alafu nyuzi zinazunguka kila mahali mpaka huoni bamba. Ukishika ni kizito lakini kwa macho kama lesi. Marijani na kaharabu kwa wingi, na chini kengele ndogondogo. Kazi nzuri zaidi ya mji wa Sanaa ilikua ya mafundi Wayahudi, na 1949 mpaka 1950 zaidi ya watu 40,000 wa jamii hiyo walihamia Israel, kwa io unapoona kazi ya Yemen yenye nyuzi nyembamba kama unywele uliza umri wake vizuri, mara nyingi ya kabla na ya baada hazilingani.

Oman: bamba na uzito. Nizwa na Bahla kazi ni ya kufua na kuchonga, bangili nene zenye vichwa vya kuchongoka zinafunguka kwa pini, hirizi za mstatili, minyororo minene, na mara nyingine karatasi nyembamba ya dhahabu imebandikwa juu ya fedha kwa mapambo. Wanawake walivaa pete kumi, kila kidole pete yake na umbo lake, ya kidole cha shahada imechongoka mbele. Ukikutana na pete moja ya hivo iulize pacha wake maana zilikua jozi, mkono huu na huu. Dhofar kusini ni nyengine kabisa, nyepesi, shanga nyingi, vining'inizo vingi, inaegemea Yemen kuliko Nizwa. Kuanzia miaka ya 1970 dhahabu ilishika soko fedha nyingi ikayeyushwa, na hata kabla ya hapo bibi harusi alitaka vyake vipya, vya marehemu vinayeyushwa, ndo maana kito cha miaka 300 ni hadithi zaidi kuliko kito.

Pwani yetu, kuanzia Lamu kushuka Zanzibar: hapa majina tunayo wenyewe ila tunayasahau. Mafurungu na mitali ya miguuni, kekee na timbi za mkononi, majasi ya masikioni yale ya duara yanayojaza tundu, kipini cha puani, kidani, mkufu. Mtafute bibi yoyote wa pwani umuonyeshe kisanduku, atakitaja kitu kwa jina kabla hujamaliza kukitoa, na jina mara nyingi linakuambia kilivaliwa wapi mwilini kitu ambacho wewe ulidhani ni pete ya leso. Shida ya kusoma fedha ya pwani ni kwamba mafundi walikua wa kila aina, mwenyeji, Muarabu, Mhindi, hata neno sonara ni la Kihindi. Mimi siku hizi nikiona maua ya mtindo wa Kihindi kwenye bangili ya umbo la Oman ndo nawaza pwani, lakini naandika "huenda", sibishani.

Ethiopia: misalaba ya shingoni. Mingine imesubiwa, mingine imekatwa moja kwa moja kwenye riale, na ukigeuza nyuma, ndo nakwambia geuza, unaweza kukuta bega la malkia au manyoya ya tai bado yamebaki kwenye chuma. Hiyo ikikutokea shika ukuta. Muuzaji atasema huu ni wa Lalibela, huu wa Gondar, huu wa Aksum, hayo ni majina ya mitindo na fundi mmoja anaitengeneza yote, kwa io sio cheti cha mahali. Kuna pia vijiko vidogo vya fedha vya kutolea nta ya sikio vinavaliwa shingoni, vimechongwa kichwa vizuri kama msalaba, watu wanavidhani ni funguo.

Sahara, Watuareg: fedha ni madini yao, dhahabu waliikwepa. Mafundi wanaitwa inadan, na kito maarufu ni msalaba wa Agadez, kipete juu, mwili wa pembe nne. Miji mingine ya Niger ina msalaba wake, tofauti iko kwenye kiuno na pembe. Uso huchongwa mistari midogo mikali, isiyo mirefu.

Wakabyle wa Algeria, hasa Ath Yenni: enameli, yani kioo cha rangi kilichoyeyushiwa juu ya fedha, ya bluu, kijani na manjano, na marijani mekundu, huwezi kukosea, na bruchi kubwa zina nakshi mpaka nyuma. Milima ya kusini mwa Morocco, Tiznit, ni ndugu wa karibu, pini mbili za pembetatu za kufungia shuka zimeunganishwa na mnyororo, enameli ya manjano na kijani.

Siwa, Misri, ile sahani kubwa ya duara shingoni ilikua ya msichana ambae hajaolewa, aliivua alipoingia ndoani.

Za mbali nazipitia haraka. Cuttack India ni nyuzi tupu, nyepesi kama utando wa buibui. Rajasthan ni mavikuku mazito ya miguuni. Waturkmeni fedha iliyopakwa dhahabu na akiki nyekundu. Wamiao wa Guizhou China, mapembe makubwa kichwani, na hapo pima sana maana siku hizi mengi ni shaba nyeupe. Wanavajo wa Marekani walianza kufua fedha katikati ya karne ya 19 kwa sarafu za Mexico na za Marekani, feruzi baadae ndo ikawa alama yao. Taxco Mexico ilishika moto baada ya William Spratling kufungua karakana yake 1931, na huko mihuri ni mingi na inasomeka.

Hatua ya 7: mawe

Kifupi. Marijani ya kweli ina mistari myembamba sana na vitundu, plastiki haina, kioo kina vipovu. Kaharabu nyingi unayoiona ni resini. Kioo chekundu au kijani kwenye kito cha zamani sio wizi, mafundi walikitumia tangu zamani kwa rangi yake, kito hakishuki thamani kwa hilo isipokua kama umeambiwa ni yakuti.

Hatua ya 8: kusafisha, kama lazima

Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, suuza, kausha kwa kitambaa na upepo. Kwa vitu tisa kati ya kumi inatosha. Weusi wa kwenye mikato uache. Uking'arisha, futa juujuu kwa kitambaa cha pamba, sehemu zilizoinuka tu.

Ile njia ya foili: bakuli, foili ya alumini chini, maji ya moto, kijiko cha bekingi soda, sio bekingi pauda, kito kiguse foili. Alumini inachukua salfa fedha inarudi, hauli fedha kama dawa ya meno inavyokwaruza, kwa mnyororo wa kawaida au kijiko ni nzuri sana. Lakini marufuku kwa kitu chenye marijani, kaharabu, lulu, enameli, gundi, uwazi ndani, au nakshi nyeusi ya makusudi ile ya kujaziwa mchanganyiko wa fedha, shaba, risasi na salfa. Yani karibu kila kitu tulichokitaja. Dawa ya meno, majivu, chumvi na ndimu, sahau.

Hatua ya 9: kutengeneza na kuweka

Kabla hujamuachia sonara kito kilichokatika muulize swali moja, analehemu kwa nini. Jibu unalolitaka ni lehemu ya fedha. Mimi sikuuliza, sonara mmoja akanirudishia mkufu na donge la kijivu kwenye pete yake, lehemu ya redio, ya bati na risasi. Ilishika, nikashukuru. Mwaka uliofuata nikaupeleka kwa fundi mwengine, mzee mmoja, akautazama mgongo tu, akaniambia mwanangu hii siwezi kuiwekea moto, risasi ikipata moto wa lehemu ya fedha inakula fedha yenyewe inaacha shimo. Akakaa karibu saa nzima anaikwangua risasi kwa kipatasi kidogo, chembe kwa chembe, ndo akawasha moto, na bado pete moja ilitoboka ikabidi aivute mpya kwa waya.

Kuweka ni rahisi, kila kito kivyake kwenye kitambaa cha pamba, mfuko wa plastiki wenye zipu, hewa itolewe. Usitumie raba bendi, sufi wala gazeti. Kipande cha chaki ndani kinafyonza unyevu. Na karatasi ndogo: uzito, ujazo ulioupata kwenye maji, nani alikivaa, jina alilokiita yeye. Bibi yangu zile za miguuni aliziita mitali, mimi kwa miaka nilikua nimeandika "bangili kubwa 2".